Kuuliza Si Ujinga, Lakini Kuna Namna ya Kuuliza

Nataka kusema neno juu ya kazi ambayo wengi wetu twaifanya siku hizi katika chumba cha kompyuta, wachache twaifanya vizuri, na karibu wote twaona haya kuizungumza: namna ya kutafuta msaada wakati mtu atengenezapo grafu za kuwekwa katika kurasa za wavuti. Sisemi grafu za kuchorwa kwa penseli katika daftari la jiografia. Nasema zile ambazo msomaji akizigusa kwa kidole, huitika: humwonyesha namba ya mwezi alioushika, hukuza mahali anapotaka kupatazama, na huficha mstari mmoja ili mwingine uonekane.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya mafundi, na kwamba gazeti la shule lafaa liseme habari za mpira na mitihani. Ndugu zangu, nisikilizeni kwanza. Nilipata kuandika uongo mbele ya watu wote wa shule hii, wala sikujua kuwa ni uongo, na aliyeniokoa hakuwa fundi.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka jana darasa letu liliambiwa litayarishe kitu cha kuonyeshwa siku ya wazazi. Mimi na wenzangu wawili tukachagua habari za ziwa letu, Tanganyika. Ninyi nyote mwakumbuka mwaka 2024, maji yalipopanda hata karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari, yakaingia katika nyumba za Gatumba na Kibenga, na bandari ya Bujumbura ikasumbuka. Sisi tulioko Carama, upande wa kaskazini wa mji, hatukuingiliwa na maji, lakini tulipokea watu. Katika darasa letu mlikuwa na mwenzetu mmoja ambaye kwao ni Gatumba. Yeye na jamaa zake walihamia kwa mjomba wao huku kwetu, wakiwa na magodoro mawili na sufuria.

Basi tukaona vema kufanya grafu ya ziwa, mwezi kwa mwezi, tangu mwaka 1993. Namba tulizipata bila shida kubwa, maana tangu mwaka 1992 kuna setilaiti zinazopima kimo cha maziwa makubwa ya dunia kutoka juu angani, na vipimo hivyo hutolewa bure kwa atakaye. Tulinakili namba moja kwa kila mwezi, tukaziandika katika jedwali. Kisha tukachukua maktaba ya kuchorea iitwayo Chart.js, ambayo nayo ni ya bure, tukaanza kazi.

Kizuizi cha kwanza kilitupata siku ileile. Ukurasa ulifunguka, lakini grafu haikutokea. Tulibofya, tukafunga, tukafungua, tukaizima kompyuta na kuiwasha, kama mtu apigaye redio kofi ili iseme. Siku ya tatu ndipo tulipojua kwamba kivinjari, kwa ajili ya usalama, hukataa kusoma faili la namba kama ukurasa umefunguliwa moja kwa moja kutoka katika folda. Yataka uwe na seva ndogo hapohapo katika kompyuta yako, na amri moja ya Python, python -m http.server, yatosha kuiwasha. Siku tatu kwa amri moja! Na baadaye nikaja kujua kwamba mwenzetu wa darasa la juu aliyemaliza mwaka uliotangulia alipata shida hiihii, akaipatia dawa, akaondoka nayo kichwani mwake. Litieni alama neno hilo, maana nitalirudia.

Grafu ikatokea, mstari mzuri wa buluu. Tukafurahi mno. Siku moja kabla ya wazazi kuja, nikamwita yule mwenzetu wa Gatumba aje aione. Akaitazama kitambo. Akaweka kidole juu ya Aprili 2024. Namba iliyotokea ilikuwa ileile ya miezi iliyoutangulia, na mstari ulilala kama meza. Akaniambia kwa upole, bila kucheka, "Grafu yako inasema uongo. Mwezi huo maji yalikuwa yamefika dirishani kwetu."

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba hizi ni namba za setilaiti, na kwamba mashine haikosei. Hakujibu neno, akaenda zake. Lakini usiku sikulala vizuri. Maana nilijiuliza: kama ni kweli, je, kesho nitasimama mbele ya baba yake na mama yake, nikiwa na kijiti mkononi, niwaambie kwamba mwezi ule ziwa halikupanda?

Asubuhi mapema nikawapelekea watatu katika kaka zetu waliokwisha kumaliza hapa, ambao hufanya kazi ya kompyuta mjini, ujumbe huu: "Grafu yangu haifanyi kazi. Nisaidieni haraka, wageni wanakuja leo." Pamoja nao nikatia picha ya kioo cha kompyuta, niliyoipiga kwa simu kwa upande, na mwanga wa dirisha umeifunika nusu. Mmoja hakujibu. Wa pili akajibu, "Pole." Wa tatu akajibu hivi: "Mdogo wangu, sijui grafu yako ni ipi, sijui ulitaka ifanye nini, wala sijui imefanya nini. Ipunguze hata ibaki na namba tatu tu. Ikiwa bado inakosea, niandikie kwa maneno, si kwa picha."

Nilimwona ni mtu mwenye kiburi. Leo namwona ni mwalimu. Grafu tuliificha siku ile ya wazazi, tukaonyesha ramani tu, nami nikakaa kitako na kuanza kupunguza. Nikafuta miaka, nikafuta rangi, nikafuta maandishi, hata nikabaki na miezi mitatu na mistari michache ya msimbo. Ndipo kosa likajitokeza lenyewe, kama samaki ziwa linapotulia.

Sisi tuliofundishwa hesabu kwa mtindo wa Kifaransa, huandika sehemu ya desimali kwa mkato. Mita mia saba sabini na sita na desimita nne twaiandika 776,4. Lakini lugha ya kompyuta itumikayo katika kurasa za wavuti, JavaScript, haijui ila mtindo wa Kiingereza, nayo hutaka nukta: 776.4. Amri niliyoitumia kusoma namba, iitwayo parseFloat, hufika kwenye mkato ikasimama. Huchukua 776, ikatupa kilichobaki, wala haisemi kitu. Basi kila mwezi nilikuwa nimekata desimita zote za ziwa. Na katika ziwa hili, ndugu zangu, desimita ndizo zinazomtoa mtu nyumbani kwake. Ndiyo sababu mstari wangu ulilala miezi na miezi, kisha ukaruka mita nzima mara moja kama ngazi.

Nilipoliona hilo, nikamwandikia tena yule kaka, mara hii kwa maneno: nilitaka Aprili, naona Machi, namba zangu ni hizi tatu, toleo la maktaba ni hili. Akajibu kabla ya nusu saa. Kosa la pili lilikuwa kwamba JavaScript huanza kuhesabu miezi kwa sifuri. Januari ni 0, Februari ni 1, na Aprili ni 3. Mimi niliandika 4 kwa Aprili, na kila mwezi wa grafu yangu ukasogea mbele mwezi mmoja. Yule mwenzetu alipogusa Aprili, alikuwa anatazama maji ya Machi, na hayo nayo yamekatwa.

Nilitengeneza yote mawili, nikamwita tena. Akaweka kidole palepale. Mstari ulikuwa umepanda. Akakaa kimya, kisha akasema, "Sasa ndiyo." Sijapata kupewa alama za mtihani zilizonifurahisha kama neno hilo.

Basi, wasomaji wapendwa, katika mambo hayo nimepata maoni manne ambayo nataka kuyaweka mbele yenu, ninyi mlio madarasani nanyi mliokwisha kutoka.

Neno la kwanza: msaada una mlango wa pili ambao twausahau. Sisi sote hudhani kwamba mwenye kusaidia ni yule ajuaye chombo, yaani yule ajuaye maktaba ya kuchorea na amri zake. Lakini grafu ni kitu cha pande mbili: upande wa chombo na upande wa jambo lenyewe. Yule wa Gatumba hajui hata mstari mmoja wa msimbo, lakini ndiye aliyeliona kosa kabla ya sisi watatu tulioketi na grafu ile wiki mbili. Aliliona kwa sababu alijua ziwa. Na kosa lenyewe lilikuwa la aina mbaya kupita zote, yaani kosa lisilopiga kelele. Kompyuta haikuandika onyo lolote. Iko amri nyingine ya kusoma namba, iitwayo Number, ambayo ikiona mkato hukataa kabisa na kusema kwamba hiyo si namba. Ningalitumia hiyo, grafu ingalivunjika mbele yangu, nami ningalijua siku ya kwanza. Tangu siku hiyo napenda chombo kinachokataa kuliko chombo kinachokubali kila kitu, na ninyi pia ningewashauri vivyo hivyo. Tena nashauri kwamba grafu yoyote isiwekwe mbele ya watu kabla ya kuonyeshwa mtu mmoja aliyeishi katika jambo lile. Kama ni grafu ya bei za maharage, mwonyeshe mama auzaye sokoni Kinama. Kama ni grafu ya mvua, mwonyeshe mkulima wa Imbo. Wao hawatakuambia kosa liko mstari gani, lakini watakuambia kwamba liko.

Neno la pili: kuuliza ni kazi, wala si kuomba. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nasi twalikariri neno hilo, lakini twaliza watu kwa maswali yetu. "Haifanyi kazi" si swali. Ni kama mtu aendaye kwa mganga wa hospitali akasema "Naumwa," kisha akanyamaza na kunyosha mkono apewe dawa. Swali jema lina mambo matano. Nilitaka nini? Nimeona nini? Namba chache zinazoonyesha kosa ni zipi? Toleo la maktaba ni lipi? Nimekwisha kujaribu nini? Kivinjari nacho kina dirisha lake la mafundi, ambalo hufunguka katika kompyuta nyingi kwa kubonyeza F12, na humo huandika malalamiko yake. Nakili maneno hayo kama yalivyo, usiyatafsiri wala usiyafupishe. Usitume picha, maana si rahisi kwa msaidizi kunakili maneno kutoka katika picha akayajaribu kwake. Nakuambia kwa yakini kwamba mara nyingi utakapokuwa unapunguza na kupanga swali lako, jibu litakujia kabla hujalituma. Nusu ya jibu langu niliipata hivyo.

Neno la tatu ni juu ya majibu ya zamani. Maktaba hizi hubadilika upesi kuliko vitabu vyetu vya shule. Iko moja iitwayo D3, iliyotolewa mwaka 2011 na Mike Bostock pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani. Ilipofika toleo la 4, mwaka 2016, majina ya amri nyingi yalibadilishwa. Chart.js nayo, ilipofika toleo la 3, mwaka 2021, ilibadili namna ya kupanga mihimili ya grafu. Mimi nilitaka mhimili wangu uanzie mita 770 na kuishia 780. Nikapata jibu zuri lililopangwa vizuri, nikalinakili neno kwa neno, na mhimili haukunitii. Jibu lilikuwa la kweli, lakini lilikuwa la toleo la 2. Kwa hiyo kabla hujaamini jibu, tazama mwaka wake, kisha tazama toleo lako.

Hapa mtu atasema, "Mbona unajisumbua? Siku hizi ziko programu zijibuzo maswali zenyewe, na waweza kuziuliza hata kwa Kiswahili." Ni kweli, ziko, zimeenea tangu mwisho wa mwaka 2022, nami nazitumia. Sizikatai. Mara nyingi zimenionyesha mkato uliopotea au mabano yasiyofungwa. Lakini zilinipa mara mbili amri za toleo la 2 zilizochanganywa na amri za toleo la 4, kwa sauti ya mtu asiye na shaka. Na zaidi ya hayo, nilipoiuliza moja kuhusu grafu yangu ya kwanza, ikaisifu kuwa ni safi. Nayo haikuwa na lawama, kwa kuwa sikuiambia habari za dirisha la Gatumba. Programu hujibu ulichouliza. Usichojua kukiuliza hubaki gizani. Basi itumieni, lakini jibu lake lijaribuni kwa namba tatu ambazo mwajua matokeo yake kabla ya kuliamini.

Neno la nne ndilo kubwa, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ni juu ya deni.

Vyombo hivi tunavyotumia bure vilitoka wapi? Yuko mtu mmoja wa Norway, Torstein Hønsi, aliyetaka kuonyesha katika ukurasa wake vipimo vya theluji ya mlima wa kwao. Hakupata chombo kilichomfaa, akakitengeneza mwenyewe, nacho mwaka 2009 kikatoka kwa jina la Highcharts. Leo ni kampuni, na wafanyao biashara hulipia. Lakini tazameni chanzo chake: mtu na theluji ya mlimani kwao. Leaflet, itumiwayo kutengeneza ramani za kuguswa, ilitolewa mwaka 2011 na Volodymyr Agafonkin wa Ukraine, nayo haina bei. Hata mstari wenyewe wa grafu una mwanzo wake, maana katika mwaka 1786 Mskoti mmoja, William Playfair, alitoa kitabu chenye michoro ya biashara ya Uingereza, ili watu waone kwa jicho habari zilizokuwa zimelala katika majedwali. Watu hao hawakutujua sisi wa Carama. Walifanya, wakaacha mlango wazi, nasi tumeingia.

Je, sisi tumeacha nini? Nimewaambieni habari za yule aliyejua dawa ya seva akaondoka nayo kichwani. Simlaumu yeye peke yake, maana hapakuwa mahali pa kuiweka. Lakini iko sababu nyingine, nayo twaijua sote ingawa hatuitaji. Katika chumba cha kompyuta, ajuaye hufunika kioo chake kwa mkono kama mtu aliye katika mtihani, na asiyejua hujifanya ajua. Wa kwanza huogopa kupitwa, wa pili huogopa kuchekwa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi naongeza kwamba mficha dawa naye ataumwa siku moja, na hatakuwapo wa kumponya.

Nami nataka kusema juu ya lugha. Maelezo ya vyombo hivi yameandikwa kwa Kiingereza zaidi ya yote. Sehemu yake nzuri iko kwa Kifaransa, nacho twakisoma. Basi mtu aweza kusema, "Kifaransa chatosha, Kiswahili cha nini?" Namjibu hivi. Ziwa hili ni la nchi nne, yaani Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia. Ukisimama Bujumbura, Uvira iko mbele yako. Ukienda kusini utafika Kigoma, na ng'ambo yake ni Kalemie. Katika miji hiyo yote mtu akisema Kiswahili, anasikika. Mwanafunzi wa Kigoma atakayechora ziwa hilihili hatapata shida ya mkato, maana yeye hutumia nukta. Lakini shida ya miezi inayoanza kwa sifuri itampata sawasawa na mimi. Mwanafunzi wa Uvira atapata zote mbili. Nikiandika dawa yangu kwa Kifaransa, wa Kigoma hataisoma. Nikiiandika kwa Kiingereza, wa Buyenzi aliye darasa la chini hataimaliza. Nikiiandika kwa Kiswahili chepesi, imezunguka ziwa. Na shida ya mkato, ambayo Mwingereza na Mmarekani hawaijui kwao, ni nani atakayeieleza kwa Kiswahili, kama si sisi ambao twaandika mkato na kusema Kiswahili?

Basi natoa shauri langu, nalo ni dogo. Liwekwe daftari moja nene katika chumba cha kompyuta, lifungwe kwa kamba mezani lisitembee. Liitwe Daftari la Maswali. Kila aliyekwama aandike swali lake kwa yale mambo matano niliyoyataja, pamoja na tarehe. Kila atakayepata dawa aiandike chini yake, hata kama dawa hiyo ni mstari mmoja, na hata kama kosa lilikuwa la kitoto. Daftari latakiwa kuwa la karatasi, si kwa sababu nachukia mashine, bali kwa sababu umeme ukikatika karatasi haizimi, na mtu asiye na fedha za kununua mega za intaneti aweza kulisoma bure. Maktaba zenyewe pia zihifadhiwe katika kompyuta ya shule. Chart.js na D3 zote mbili pamoja ni nyepesi, kila moja chini ya nusu ya megabaiti. Ukizipakua mara moja, grafu zako zitafanya kazi bila intaneti hata kidogo. Mimi nimekwisha kuandika kurasa tatu za kwanza: seva, mkato, na miezi ya sifuri. Mwalimu wetu wa hesabu amezitazama, akasahihisha Kiswahili changu katika mahali pawili na hesabu yangu katika mahali pamoja.

Nanyi kaka na dada zetu mliotutangulia, mnaosoma gazeti hili mkiwa mjini, au Gitega, au ng'ambo, nina ombi kwenu. Hatuombi fedha. Twaomba saa moja kila mwezi. Atakayeona swali letu asitufanyie kazi yote akaturudishia imekwisha, maana hapo tutakuwa tumepokea samaki bila ndoano. Afanye kama yule kaka aliyenijibu kwa ukali: atuambie tupunguze, atuulize tulitaka nini, kisha atusaidie mahali palipobaki. Na sisi tukijibiwa, tusipotee kama wafanyavyo wengi. Turudi kusema, "Imefaa," au "Haikufaa." Mtu akikuonyesha njia, humwachi amesimama pale njiapanda akishangaa kama ulifika.

Najua kwamba grafu haizuii maji. Maji yatapanda na kushuka kama yalivyofanya tangu zamani, na mstari wangu wa buluu hautainua ukuta wa nyumba hata mmoja. Lakini watu wa Gatumba wamekwisha kupoteza mengi, na isingekuwa haki wapoteze pia ukweli wa jambo lililowapata, kwa ajili ya mkato mmoja na kijana mmoja aliyeona haya kuuliza.

Daftari liko mezani. Ukurasa wa nne ni mtupu. Nani atauandika?

Ni mimi mwenzenu,
Mwanafunzi wa darasa la mwisho, Carama.